Subaru: Gari la Kilimia, sifa zake na lawama zake

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha magari, swali la Subaru halikosi. Msikilizaji mmoja atasema ni gari la roho ngumu, linapanda mlima wenye tope wakati wenzake wamekwama. Mwingine atapiga dakika tano baadaye na kusema usithubutu, injini yake ikifa imekufa na hela zako. Wote wawili wanasema kweli.

Makala haya yanaeleza gari hili lilikotoka, kwa nini linapendwa, kwa nini linalaumiwa, na mambo ya kuangalia kabla hujatoa fedha za mavuno kununua lililotumika.

Jina tunalolijua

Tazama alama iliyo mbele ya Subaru. Utaona nyota sita: moja kubwa na tano ndogo. Subaru ni jina la Kijapani la kikundi hicho cha nyota. Sisi nasi tunalo jina lake: Kilimia. Ni zile nyota ndogo zilizosongamana, ambazo wazee walizitazama ili kujua majira ya kulima, na ndiko jina lilikotoka. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.

Kwa hiyo jirani yako anayeendesha Subaru anaendesha Kilimia, hata kama hajui.

Kwa Kijapani neno hilo linabeba pia maana ya kukusanyika na kuwa kitu kimoja. Kampuni hii ilivunjwa vipande ikakusanyika tena, na ndiyo sababu jina hilo liliifaa.

Ilianza na ndege

Mwaka 1917, Chikuhei Nakajima, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Japani, alianzisha karakana ya kutengeneza ndege katika eneo la Ota, mkoa wa Gunma. Karakana ile ilikua hadi kuwa mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ndege nchini humo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitengeneza ndege ya kivita ya Hayabusa, na injini yake iliyoitwa Sakae ilifungwa hata kwenye ndege maarufu ya Zero iliyobuniwa na Mitsubishi.

Japani ilishindwa vita mwaka 1945. Viwanda vya Nakajima vilikuwa vimepigwa mabomu, na utawala wa Wamarekani ukapiga marufuku utengenezaji wa ndege. Wakabaki wahandisi hodari wasio na kazi. Kampuni ikabadilishwa jina kuwa Fuji Sangyo, ikageukia vitu vya raia. Mwaka 1946 ikatoa skuta iliyoitwa Rabbit, yaani sungura. Ile ya majaribio ilitumia magurudumu ya mkia ya ndege ya mabomu yaliyosalia stoo.

Mwaka 1950 kampuni ikavunjwa na kuwa kampuni 12 ndogo. Lakini tano kati ya hizo zikatafutana, na mwaka 1953 zikaanzisha kampuni mpya ya pamoja, Fuji Heavy Industries. Tano zilizoungana na moja iliyozaliwa ni sita. Hizo ndizo nyota sita za kwenye alama: zile ndogo ni kampuni tano, na kubwa ni ile iliyozikusanya. Kenji Kita, kiongozi wa kwanza wa kampuni hiyo, ndiye aliyechagua jina la Subaru kwa magari yake.

Usiisahau historia hii ya ndege. Watu waliozoea kutengeneza ndege huhesabu uzito, huhesabu uwiano wa kushoto na kulia, na hawaogopi kufanya jambo tofauti na wenzao. Sifa za Subaru zinaanzia hapo. Lawama zake pia.

Gari dogo lililopendwa Japani, likakataliwa Marekani

Mwaka 1958 ilitoka Subaru 360. Ilikuwa ndogo sana, injini yake ya sisi 356 ikiwa nyuma, lakini familia ya watu wanne ilienea. Ilitolewa wakati Wajapani wa kawaida wanaanza kumudu gari la kwanza maishani mwao. Kwa umbo lake la mviringo, waliibandika jina la mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa mgongoni. Waliipenda kweli, ikatengenezwa kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Malcolm Bricklin na Harvey Lamm, waliichukua kwenda kuiuza kwao. Huko mambo yalikuwa tofauti. Kwenye barabara kuu za Marekani, katikati ya magari makubwa, gari lile lilionekana kama mdudu kweli. Mwaka 1969 jarida la watumiaji bidhaa la Consumer Reports lililipima na kutoa uamuzi kwamba halikubaliki. Biashara ya gari hilo ikaanguka.

Gari lile lile, nchi mbili, hukumu mbili. Sifa ya gari hutegemea linatumika wapi, kwa kazi gani, na ni nani aliye karibu wa kulitengeneza. Tutalirudia jambo hili tukifika nyumbani.

Injini iliyolala

Mwaka 1966 ilitoka Subaru 1000, na hapo ndipo kampuni ilipochagua njia yake. Ukifungua boneti ya magari mengi utakuta injini imesimama, silinda zake zimepangwa mstari mmoja. Ya Subaru imelala. Silinda mbili ziko kushoto na mbili kulia. Pistoni zinazoelekeana husogea nje kwa pamoja na kurudi ndani kwa pamoja, kama bondia anayegonganisha glavu zake kabla ya pambano. Ndiyo maana huitwa injini ya boksa.

Faida yake ni mbili. Kwanza, mtikisiko ni mdogo kwa sababu pande mbili zinasawazishana. Pili, uzito wa injini unakaa chini, hivyo gari linashika barabara vizuri kwenye kona. Dereva aliyezoea Subaru atakuambia kwamba gari halimtupi.

Gharama yake nayo ipo. Injini iliyosimama yenye silinda nne ina hedi moja na gasketi moja ya hedi. Ya Subaru ina hedi mbili na gasketi mbili, moja kila upande. Plagi ziko ubavuni, zimebanwa kati ya injini na bodi, na fundi asiyezoea atahangaika kuzifikia. Kazi ambayo kwenye gari jingine ni ya saa moja, hapa inaweza kula nusu siku.

Fowili iliyozaliwa kwenye theluji

Sifa ya pili ya Subaru, ile ya kupanda palipowashinda wengine, ilianza na mafundi wa umeme. Kaskazini mwa Japani kuna theluji nyingi. Shirika la umeme la eneo la Tohoku lilikuwa na shida: mafundi wake walihitaji kwenda kukagua nyaya milimani wakati wa baridi, na magari ya fowili ya wakati ule yalikuwa magumu, yenye ubaridi ndani, yasiyofaa kukaa siku nzima. Wakaomba gari la kawaida, la starehe, lakini linalosukuma kwa magurudumu yote manne.

Muuzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi alichukua gari la kawaida akaliunganisha mfumo wa kusukuma magurudumu ya nyuma. Kampuni ilipoona linafanya kazi, ikalichukua wazo hilo. Mwaka 1972 ikatoa Leone ya fowili, gari la familia lililopanda theluji.

Injini iliyolala ilisaidia hapa. Kwa kuwa injini, gia boksi na shafti vyote vimenyooka katikati ya gari, kupeleka nguvu nyuma ilikuwa rahisi. Baadaye Subaru ikaifanya fowili ya muda wote kuwa ndiyo kawaida ya karibu magari yake yote: Legacy iliyotoka 1989, Impreza ya 1992 na Forester ya 1997.

Theluji na tope vinafanana tabia. Gurudumu moja likiteleza, jingine linashika. Msikilizaji wetu anayeishi nyanda za juu, ambako masika hugeuza barabara kuwa bwawa, haelezwi zaidi ya hapo.

Safari Rally na jina kubwa Afrika Mashariki

Huku kwetu, jina la Subaru lilijengwa na Safari Rally ya Kenya. Kampuni ilipeleka Leone kwenye mashindano hayo mwaka 1980. Mwaka 1993 ilifanya jambo lililowachekesha watu mwanzoni: ilileta Vivio, gari dogo lenye injini ya sisi 660. Mskoti Colin McRae alikimbia nalo kwa kasi iliyoshangaza wengi, lakini hakufika mwisho. Mkenya Patrick Njiru aliendesha Vivio nyingine, akamaliza na kushinda daraja lake. Mwaka uliofuata Njiru alishika nafasi ya nne kwa jumla akiwa na Impreza.

Kisha McRae akashinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Subaru, na Richard Burns akashinda tena mwaka 2000. Kwenye ubingwa wa dunia, Subaru ilichukua taji la watengenezaji miaka mitatu mfululizo: 1995, 1996 na 1997. Madereva wake McRae, Burns na Petter Solberg walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1995, 2001 na 2003. Kampuni ilijiondoa kwenye mashindano hayo mwisho wa mwaka 2008.

Kizazi kizima cha watoto waliosimama kando ya barabara kuona Impreza ya buluu ikirusha vumbi kilikua kikitaka kuwa na yake. Nchini Kenya, kijana wa Subaru hadi leo ni mzaha unaojulikana: eksozi ya kelele, muziki wa juu na mwendo usio na adabu. Huenda mzaha huo hauwatendei haki walimu na wakulima wanaoendesha Forester zao taratibu. Lakini ni onyo zuri kwa mnunuzi. Baadhi ya Subaru zilizotumika zimepitia mikono ya watu waliojiona McRae.

Wanaozipenda wanasema nini

Marekani, ambako Subaru ilianza vibaya, ndiko ilikopata baadaye wapenzi wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mauzo yalikuwa yameshuka. Badala ya kushindana na kampuni kubwa kwa kila mtu, Subaru iliangalia ni kina nani hasa wanaonunua magari yake. Ikakuta walimu, wahudumu wa afya, wataalamu wa kompyuta na watu wa mikoa ya milima na theluji. Ikazungumza na hao, na wao wakawa watangazaji wake wa bure. Ndiyo sifa ya pekee ya wenye Subaru: wanapungiana mikono barabarani na wanasimuliana habari za magari yao kama wafugaji wanavyosimuliana habari za ng'ombe.

Uimara nao ulipimwa. Mwaka 1989, Legacy ilikimbia kilomita 100,000 kwenye uwanja wa majaribio wa Arizona kwa wastani wa zaidi ya kilomita 223 kwa saa, usiku na mchana, na kuweka rekodi ya dunia.

Tangu mwaka 2005 Toyota ina hisa kwenye kampuni hii, na mwaka 2020 ilifikisha asilimia 20. Hata hivyo Subaru bado inatengeneza magari yake na injini yake ya boksa. Jina la kampuni lilibadilishwa kutoka Fuji Heavy Industries kuwa Subaru Corporation mwaka 2017.

Wanaozilaumu wanasema nini

Lawama ya kwanza na kubwa ni gasketi ya hedi. Injini za lita 2.5 za mwisho wa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 zilipata jina baya kwa gasketi kuvujisha oili au maji. Dereva asipogundua mapema, gari huchemsha, hedi hupinda, na bili inakuwa kubwa. Injini za lita 2.0, ambazo ni nyingi kwenye magari yanayotoka Japani, zililaumiwa kidogo zaidi kwa hilo, lakini nazo zikichemshwa hazina huruma.

Ya pili ni oili. Injini za kizazi kilichofuata, kilichoanza karibu mwaka 2010, baadhi yake zilikula oili kupita kiasi. Nchini Marekani wenye magari walikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016.

Ya tatu ni mkanda wa taimingi. Injini nyingi za kabla ya kizazi hicho zinatumia mkanda, si mnyororo, na unapaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika safarini, katika nyingi kati yake valvu hugonga pistoni, na injini inaharibika.

Ya nne ni matairi. Fowili ya muda wote inataka matairi manne yanayolingana. Ukifunga mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, magurudumu yanazunguka kwa mwendo tofauti muda wote na kuumiza mfumo wa fowili. Mtu aliyezoea kununua tairi moja moja kila linapopasuka, gari hili litamchosha.

Kampuni yenyewe nayo haikukosa aibu. Mwaka 2017 ilikiri kwamba kwenye viwanda vyake nchini Japani, ukaguzi wa mwisho wa magari ulikuwa ukifanywa pia na wafanyakazi wasio na idhini kamili, na ikalazimika kuyaita magari mengi yakaguliwe upya.

Ukizisoma vizuri, lawama tatu za kwanza zinahusu injini na ya nne inahusu fowili. Ni vitu vile vile viwili vinavyosifiwa. Subaru ilichagua njia yake, na anayenunua ananunua faida na gharama kwa pamoja.

Kabla hujatoa fedha

Magari mengi ya Subaru huku kwetu yametumika Japani kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania inaruhusu, lakini gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Wengi wetu hununua lililokwisha kuingia na kupita kwa mtu mmoja au wawili. Ukiwa mmoja wao, fuata hatua hizi:

1. Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi.

2. Fungua kopo la maji ya rejeta kabla ya kuwasha. Ukiona mafuta yanaelea, ondoka. Baada ya kuwasha, maji yakiendelea kutoa mapovu bila kukoma, ondoka vilevile. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

3. Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyo chini ya alama inaonyesha aidha uvujaji, ulaji wa oili, au mwenye gari asiyejali. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji.

4. Chungulia injini kwa chini, pande zote mbili. Unyevu wa oili pale hedi inapokutana na bloku ni dalili ya gasketi.

5. Endesha kwenye mlima, si tambarare tu, kwa angalau nusu saa. Mshale wa joto ukifika mahali pake na utulie. Ukipanda, usidanganywe kwamba ni geji mbovu.

6. Zungusha usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye uwanja. Gari likikaza au kurukaruka, mfumo wa fowili una tatizo.

7. Tazama matairi yote manne: saizi moja, aina moja, na yamechakaa sawa.

8. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama hakuna karatasi wala fundi wa kuthibitisha, hesabu kwamba haujabadilishwa na uuweke kwenye bajeti.

9. Boneti yenye tundu kubwa juu mara nyingi ni dalili ya turbo. Turbo inataka oili safi kwa wakati na mafuta mazuri. Kwa kazi za kijijini, isiyo na turbo inatosha.

10. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada, na ulinganishe namba ya chesisi na kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye gari.

Je, linakufaa wewe?

Kabla ya kutafuta gari, tafuta fundi. Mtu mwenye Toyota ya kawaida hupata spea na fundi karibu kila mji wa wilaya. Mwenye Subaru anapaswa kuuliza: nani hapa aliyewahi kushusha injini ya boksa na kuirudisha ikafanya kazi? Anakaa umbali gani? Gasketi na mkanda halisi vitatoka wapi, na kwa siku ngapi? Ukipata majibu mazuri, na kama barabara yako ni ya tope na milima, gari hili litakutumikia. Usiku wa masika, ukimpeleka mgonjwa hospitali, utawashukuru wale mafundi wa umeme wa Tohoku.

Usipopata majibu, sifa zote za Safari Rally hazitakusaidia. Tenga pia fedha za matengenezo ya mwaka wa kwanza kabla ya kulipa bei ya gari. Anayetumia shilingi yake ya mwisho kununua Subaru hatakuwa na ya kununulia oili, na oili ndiyo uhai wa injini hiyo.

Wazee walikitazama Kilimia wakajua wakati wa kulima. Hawakupanda kwa sababu jirani amepanda, walisubiri hadi shamba liwe tayari. Na kwenye gari, hakikisha fundi, spea na fedha za matengenezo viko tayari kwanza.